Siku Friji Lilipotoka Sebuleni

Watu wa Iringa wana kiburi cha baridi, na usiwalaumu. Mtu aliyezaliwa Kihesa, akakua maji ya ndoo yakimuuma vidole kila asubuhi, utamwambia nini kuhusu friji? Atakucheka. Nyama ataiacha kwenye sufuria chini ya dirisha na kesho ataikuta ilivyo. Ndiyo maana Bibi Bertha Kalinga, miaka yote aliyojichoma sindano za kisukari, aliweka dawa yake kwenye mkebe wa majani ya chai, dirishani, upande usiopigwa jua, na dawa haikuwahi kumwangusha.

Kwa hiyo binti yake wa pekee, Mwalimu Lea, alipopata uhamisho kwenda kufundisha sekondari huko Rujewa, hakuona tatizo. Akafunga magodoro, vyombo na mama, wakateremka Usangu. Walipata chumba na sebule kwenye nyumba ya Mzee Sedekia, Msafwa wa Mbalizi aliyeshuka bondeni zamani kufuata mpunga na mpunga ukamkubali. Bibi Bertha alikagua chumba, akaona dirisha, akaona halipigwi jua, akapanga mkebe wake pale na kumshukuru Mungu.

Sasa, dirisha la Rujewa si dirisha la Kihesa. Mwezi wa kumi kule ukuta unakaa na moto wake mpaka usiku, na upepo unaoingia ndani ni afadhali ungebaki nje. Haukupita muda, Bibi Bertha akawa anakunywa maji hashibi, anatoka kwenda chooni kabla hajakaa vizuri, na macho yanaona ukungu mchana kweupe. Sindano anachoma kama kawaida, lakini ni kama anajichoma maji ya bomba. Siku moja Lea alirudi kutoka shuleni akamkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, hana nguvu hata ya kumkaripia. Hapo ndipo Lea alipoogopa, kwa sababu mama yake asipokuwa na nguvu ya kukaripia basi mambo yamefika shingoni.

Hospitali walimrudisha kwenye hali yake. Nesi aliyewahudumia, mmoja anaitwa Devotha, alikamata ule mkebe, akaufungua, akautazama, akamtazama Lea.

"Mwalimu, hii dawa mmeipika. Mlikuwa mnaiweka wapi?"

"Dirishani."

"Dirishani? Rujewa hii?" Nesi alishika kiuno. "Nyie watu wa Iringa mtaniua."

Aliwapa dawa mpya na akawafundisha njia ya kushikilia kwa muda: mitungi miwili ya udongo, mdogo wa dawa ndani ya mkubwa, katikati mchanga uliolowa maji, na mchanga usikauke hata kidogo. Lakini alimwita Lea pembeni akamwambia bila kuzunguka kwamba mtungi si wa kudumu. Mvua zikianza, hewa ikajaa unyevu, mtungi haupozi tena. Kabla ya hapo apate friji, la sivyo amrudishe mama yake kwenye baridi.

Kumrudisha! Nesi alilisema kirahisi. Kihesa palikuwa na chumba, ndiyo, kwenye nyumba ya Vitus, mpwa wa Bibi Bertha, lakini Vitus ni dereva wa malori, nyumbani anapita kama mgeni. Mwaka uliotangulia, Lea akiwa safarini, Bibi Bertha aliwahi kuanguka jikoni peke yake, akalala pale chini mpaka majirani waliposikia kuku wanalia bandani bila kufunguliwa. Lea alikuwa ameapa kwamba mama yake hatalala tena sakafuni bila mtu wa kumnyanyua. Sasa Rujewa ilikuwa inamuua kwa joto, na Iringa ingemuua kwa upweke. Lea alilia kwenye bajaji, akajifanya ni vumbi.

Mtu atasema: anunue friji, mwalimu ana mshahara. Subiri kwanza umjue Mzee Sedekia. Nyumba yake ilikuwa na wapangaji wanne na mita moja ya umeme, na kwenye ukuta wa varanda alibandika sheria zake kwa maandishi makubwa: pasi marufuku, jiko la umeme marufuku, friji marufuku. Umeme walichanga sawa kwa kila chumba, na mchango ulikusanywa na Rabson, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, kijana mkavu wa maneno ambaye wenzake walimbatiza jina la Waziri wa Nishati. Taa ya nje ikiachwa inawaka, Rabson atagonga mlango. Ukichaji simu mbili, atajua.

Na lile lililouma zaidi ni kwamba friji lilikuwemo mle ndani. Lilisimama sebuleni kwa Mzee Sedekia, jeupe, refu, limevikwa kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu, na juu yake maua mengine ya plastiki. Alilinunua mwaka wa mavuno makubwa, akalikabidhi kwa mkewe, Mama Gideoni, siku ya kuadhimisha ndoa yao, mbele ya dada zake na wazee wenzake wa kanisa, vigelegele vikapigwa. Kisha akalifunga na ufunguo akautia mfukoni. Tangu siku hiyo halikuwahi kuonja umeme. Ndani yake walihifadhi vikombe vya wageni na sukari, na Mama Gideoni akihitaji sukari ilibidi amsubiri mumewe arudi kutoka mashambani.

Jumapili moja baada ya ibada, wapangaji wakiwa wamejinyoosha varandani, Lea alikwenda kuomba ruhusa ya kuleta friji dogo. Aliongea vizuri, kwa heshima, akaeleza ugonjwa, akaeleza dawa. Mzee Sedekia alimsikiliza huku anatikisa mguu.

"Mwalimu, pole sana kwa mama," alisema. "Lakini tuelewane. Mimi napangisha kuta, mlango na bati. Friji si sehemu ya nyumba. Friji ni anasa. Nimekulia Mbalizi, sijawahi kuliona, na sikufa."

"Baba Gideoni," sauti ya Bibi Bertha ilitoka mlangoni. Alikuwa amejifunga khanga mbili na joto lote lile, maana mazoea yana taabu. "Huko Mbalizi mwenye nyumba aliwahi kukukataza kuota moto?"

"Kuota moto? Nani akukataze kuota moto kwenye baridi ile? Utakufa!"

"Ehee. Kwa hiyo kule kwenye baridi, nyumba bila moto si nyumba. Sasa niambie, huku kwenye moto, nyumba bila baridi ni nini?"

Didas wa duka la vocha, mpangaji wa chumba cha mwisho, aliangua kicheko. Mzee Sedekia hakucheka. Aliyejibu ni Rabson.

"Bibi, maneno yako matamu, lakini umeme tunachanga sawa. Nani atalipia ubaridi wa mwenzake? Nilipokuwa nakaa kule mjini Mbeya, mtu mmoja alileta friji, uani tukawa maadui. Mimi sikubali."

"Mimi nakubali!" alidakia Gloria, Mnyakyusa anayeuza juisi ya ukwaju stendi. "Tena nalitaka jana!"

"Wewe utalitaka, si utajaza madumu yako ya juisi tulipe sisi!"

"Madumu yangu yanakuhusu nini, wewe mtu wa pumba?"

Basi uani pakawaka. Wakafukua na yale ya zamani: nani hasafishi choo, nani anamwaga maji machafu mlangoni kwa mwenzake. Lea alisimama katikati, amekunja mikono kama mtu aliyeleta moto kwenye nyasi kavu. Mzee Sedekia ndipo alipofurahi. Alisimama, akainua kidole, akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Umeona, Mwalimu? Hawa hawajakubaliana hata zamu ya kufagia. Sikia nikwambie. Siku watu wote wa nyumba hii mtakapokubaliana kwa neno moja juu ya friji, sitasema mlete la kwenu. Nitatoa langu mwenyewe, lile la sebuleni, nilisimamishe hapa varandani, liwe friji la nyumba. Mbele za Mungu!"

Akaingia ndani kula. Mdomo huponza kichwa, lakini kichwa chenyewe siku ile hakikujua.

Lea alilishika lile neno. Alianza kampeni kama mgombea udiwani. Didas alikubali siku hiyohiyo, kwa sharti kwamba soda zake zitapata pa kulala. Gloria alishakubali, na akajitolea mbele za watu kuchanga zaidi ya wengine kwa ajili ya madumu yake. Akabaki Rabson. Lea alimfuata na maelezo, akamweleza sukari inavyopanda, dawa inavyofanya kazi, joto linavyoiharibu, hatua kwa hatua kama anafundisha kidato cha pili. Rabson alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekuelewa, Mwalimu. Sikubali."

Wiki zikaenda. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa milima, na wakulima wa Rujewa wakayatazama kwa furaha. Lea peke yake mji mzima ndiye aliyeyatazama kwa hasira. Alipiga simu kwa Vitus kuuliza kama chumba cha Kihesa kimefagiliwa. Mama yake alimsikia akiongea, akaendelea kuchambua mboga. Lea alitamani amkaripie.

Kisha ikafika siku ile ya Alhamisi. Lea alitoka shuleni mapema kidogo, jua likiwa kichwani, akaingia uani, akamkuta Rabson amepiga magoti mbele ya mlango wao. Nguo zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la mashine. Mkono mmoja ameshika kopo la maji, mwingine ameutumbukiza kwenye mtungi. Bibi Bertha amekaa kwenye mkeka, macho amefumba.

"Unafanya nini?" Lea alipaza sauti.

"Nimekuja kula, Bibi akaniita," Rabson alijibu bila kuinuka. "Kasema kizunguzungu kimemkamata, hawezi kuinama, na mchanga umekauka. Niumwagie maji. Nimeumwagia. Akasema nikague kama dawa ni ya baridi." Akatoa mkono mtunguni, akaufungua. Kwenye kiganja chake kipana chenye sugu kilikaa kichupa kimoja cha kioo, kifupi kuliko kidole gumba chake. "Mwalimu, ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Hii tu?"

"Hiyo tu. Na vingine viwili vimo humo ndani."

Rabson alikitazama kile kichupa, akakigeuza, akakitazama tena. Kumbe siku zote hizo alidhani dawa ya hospitali yenye kudai friji zima lazima ije kwa makatoni. Alijiona analipia umeme wa ghala. Hakuna aliyemwonyesha, na yeye hakuuliza. Hata Lea, na elimu yake ya ualimu, alikuwa ameeleza kila kitu ila hicho.

"Nyumba nzima tumetukanana kwa ajili ya kachupa haka?" Rabson alisema. Uso wake mkavu ulianza kulegea, na hakujua auweke wapi. "Bibi, nisamehe. Nilikuwa nakuonea."

Bibi Bertha alifumbua jicho moja. "Kirudishe kwanza, mwanangu, kinapata joto. Msamaha utanikuta hapahapa."

Rabson alikirudisha polepole kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota. Alipoinuka alisema hataki kusikia habari ya kungoja Jumapili. Jioni ileile, kabla jua halijazama, Waziri wa Nishati aligonga milango yote kwa ule mgongo wa ngumi waliouogopa, na safari hii hakuna aliyejificha.

Mzee Sedekia alitoka kwa madaha, ametupia koti begani, akaketi kwenye kiti chake. Alijua ni ugomvi mwingine, na ugomvi wa wapangaji ulikuwa burudani yake.

"Mzee," Rabson alianza, "ulisema siku tutakapokubaliana kwa neno moja utatoa friji lako. Tumekubaliana."

"Nani na nani?"

"Nyosheni mikono."

Mikono ikanyoshwa. Wa Didas, wa Gloria, wa Lea, wa Bibi Bertha uliotoka kwenye khanga, na wa Rabson juu kuliko yote. Mzee Sedekia aliitazama mikono ile, akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Lakini mtu hatajiriki Usangu kwa kuwa mjinga. Akajikohoza.

"Vizuri. Vizuri sana. Ila nilisema watu wote wa nyumba hii. Je, mimi si mtu wa nyumba hii? Mimi na familia yangu? Basi mimi sijakubali, na wa kwangu hawajakubali. Kikao kimekwisha, mkalale salama."

Lea aliushusha mkono. Akamshika mama yake amrudishe ndani. Rabson naye akashusha wake.

"Wa kwako mimi nimekubali."

Hakuna aliyemwona Mama Gideoni akitoka. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa sebule yake, mwanamke mfupi, mnyamavu, ambaye wapangaji wengi hawakuwahi kumsikia akitoa sentensi nzima. Mkono wake mmoja ulikuwa na mwiko wa ugali, na ule mwingine ulikuwa juu.

"Mama Gideoni, ingia ndani," alisema mumewe.

"Nitaingia. Lakini nikuulize, Baba Gideoni. Friji lile ni la nani?"

"La nyumbani."

"Siku ile ulisemaje? Mbele ya dada zako, mbele ya wazee wa kanisa, mimi nimevaa gauni la kitenge kipya. Ulisema, hili ni la mke wangu. Nikapigiwa vigelegele mpaka nikaona aibu." Aliushusha mkono ulionyoshwa, akaukunjua mbele yake, kiganja kikiwa wazi. "Kama ni langu, nimelitoa. Mimi ni mtu wa nyumba hii na nimekubali. Na kama si langu, basi waambie hawa wote, leo, kwamba siku ile ulidanganya. Halafu Jumapili ukawaambie na wazee wenzako."

 Mzee Sedekia alimtazama mkewe kama mtu anayetazama shamba lake na kugundua kwamba mpaka haupo pale alipodhani. Alikuwa mbishi, bahili na mpenda sifa, yote hayo ni kweli, lakini mwongo hakuwa, na hakutaka kuanza kuwa mwongo uzeeni mbele ya wapangaji. Mkono ukaingia mfukoni taratibu, ukatoka na ufunguo, ukauweka kwenye kile kiganja.

"Ahadi ni deni," alisema kwa sauti ndogo. "Lichukueni."

Ndugu yangu, kelele zilizopigwa pale! Gloria alipiga vigelegele mpaka majirani wakapanda kwenye matofali kuchungulia. Rabson na Didas waliingia sebuleni, Mama Gideoni akafungua friji lake kwa mkono wake mwenyewe, akatoa vikombe, akatoa sukari, akakivua kile kitambaa cha maua na kukitupa begani. Wakalinyanyua. Mlangoni likakwama, wakaligeuza ubavu, Didas akabanwa kidole, akatukana, akaomba radhi kwa mzee wa kanisa, wakalisukuma tena. Lilipotokea varandani, jeupe kabisa kwenye mwanga wa jioni, watu wazima walipiga makofi kama wanapokea bibi harusi. Mzee Sedekia mwenyewe, asijue afanye nini, alijikuta anawaelekeza: "Polepole! Polepole na miguu! Hilo si gunia la mpunga!" Walipomaliza kuliweka, alikwenda ukutani, akauchana ule mstari wa friji kwenye karatasi ya sheria. Sheria ya pasi aliiacha.

Waliliacha litulie kwanza, kisha Rabson akachomeka waya. Friji liliguna, likatetemeka, likaanza kuimba. Wakaligusa mmoja mmoja, wakisubiri baridi kama wanavyosubiri mtoto apige chafya. Ilipofika, wakamwachia nafasi Bibi Bertha. Akapanga vichupa vyake vitatu kwenye rafu ya katikati kama nesi alivyoagiza, mbali na barafu, akafunga mlango, akaufungua tena kuhakikisha.

"Ndaga fijo, Mama Gideoni," Gloria alishukuru kwa Kinyakyusa chake. Mama Gideoni akajibu kwamba yeye kesho atataka maji ya baridi, lita tano, na hataomba ruhusa kwa mtu.

Mvua ilianza wiki iliyofuata. Ilipiga bati, ikajaza mifereji, na kule mashambani watu wakaimba. Siku ileile alikuja mtu kuulizia chumba, na Lea alimsikia Mzee Sedekia akimtembeza huku kifua mbele: "Nyumba yangu, kijana, inakuja na friji. Uliza mji mzima. Nani mwingine Rujewa anakupa nyumba yenye friji?" Rabson, aliyekuwa anafua, alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

Jioni hiyo simu ya Bibi Bertha iliita. Alikuwa Vitus. Alisema chumba kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa, na yeye yuko njiani na lori kutoka Tunduma, anaweza kumpitia shangazi yake pale Igawa, barabara kuu, keshokutwa. Lea alikuwa anasahihisha madaftari. Aliinua uso, kalamu ikabaki hewani, maana katika shangwe zote zile alisahau kumpigia Vitus, na zaidi ya hapo hakuwahi kumuuliza mama yake anataka nini hasa. Pengine alikuwa ameikumbuka Kihesa yake. Pengine angependa kwenda.

Bibi Bertha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaiweka simu karibu na mdomo na kupaza sauti, kana kwamba anampigia kelele mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Vitus, asante mwanangu. Kitanda hicho kitandue, kampe mtu mwenye shida. Mimi nipo kwa mwanangu, na siendi popote." Akakata simu, akamgeukia Lea. "Na wewe unalia nini? Sahihisha kazi za watoto wa watu!"

Lea alicheka mpaka akashindwa kuiona kalamu. Alikuwa amekaripiwa, tena kwa sauti nene yenye afya, na hakuna wimbo aliowahi kuusikia uliomwingia moyoni kama ule.